Mishale Yote Ilielekea kwa Zuhura

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, vitenge viwili na dakika tano za kusema neno. Pilau ilikuwa imeshapakuliwa na macho yenu yote yalikuwa kwenye sahani, kwa hiyo nilisema dakika mbili nikakaa. Haya ninayoandika ni zile dakika tatu zilizobaki. Zimerefuka kidogo kwa sababu sasa nafasi ninayo.

Sitaeleza nilipanda cheo lini wala kwa barua ya nani. Anayetaka hayo, faili langu liko masjala, kama panya hawajaliwahi. Nataka kueleza habari za michoro, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu nikiwa msichana hadi macho yalipoanza kudai miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Wengi wenu mmenikuta mwishoni, nikiwa yule bibi wa visanduku na mishale, na mnadhani nilizaliwa hivyo.

Niliingia ofisi ya maji hapa Morogoro na cheti cha uchoraji ramani ambacho wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Chumba cha wachoraji kilikuwa upande wa nyuma, madirisha yakitazama milimani, na ndani kulikuwa na mashine ya kuchapia ramani iliyotumia amonia. Ikiwashwa, chumba kizima kilitoka machozi, na wageni walidhani tumefiwa. Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Banzi, mtu wa Matombo, mrefu, mchache wa maneno, aliyevaa koti la kijivu hata mwezi Februari. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa wembe.

Nilisubiri aniambie niende nao wapi. Kumbe wembe ndio uliokuwa kifutio chetu. Wino ukishakauka kwenye karatasi ya kuchorea haufutiki, unakwanguliwa polepole, na mkono ukiteleza karatasi inatoboka na kazi ya wiki nzima imekwenda. Wiki mbili za mwanzo sikuchora hata mstari mmoja. Nilikwangua makosa ya wenzangu kuanzia asubuhi hadi saa tisa na nusu, nikirudi nyumbani Kichangani namlalamikia mama kwamba nimesomea kazi ya kinyozi. Nilichukia kweli. Baadaye ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimeyajua makosa yote ya chumba kile kabla sijapewa kalamu.

Tulichora zaidi miradi ya maji ya mserereko, ile ambayo chanzo kiko juu mlimani na maji yanashuka yenyewe kwa bomba, yanaingia kwenye tenki, kisha yanagawanyika kwenda kwenye vituo vya kuchotea. Alama zetu zilikuwa chache. Mstari mzima ulikuwa bomba lililokwisha kulazwa. Mstari wa vipande vipande ulikuwa bomba lililopendekezwa, ambalo bado liko kwenye karatasi tu. Likumbukeni hilo, maana lilikuja kuniumbua uzeeni.

Ramani yangu ya kwanza kamili ilikuwa ya mradi mmoja wa vijiji vya juu ya Mkuyuni. Niliichora kwa mwezi mzima, nikaandika majina kwa mwandiko ambao leo siuwezi tena. Mzee Banzi aliitazama, hakusema nzuri wala mbaya, akasema twende tukampe fundi atakayechimba. Njiani akanipa sharti moja tu: nikishampa karatasi, niweke mikono nyuma na nifunge mdomo.

Fundi alisimama kwenye mteremko akiutazama mlima, kama anavyosimama mtu yeyote anayetaka kujua maji yanatoka wapi. Akaifungua ramani yangu. Mimi nilikuwa nimeweka kaskazini juu ya karatasi, kama nilivyofundishwa, na chanzo kilikuwa upande wa kusini, kwa hiyo kwenye karatasi maji yalitoka chini yakapanda juu. Fundi akaiangalia, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akaridhika. Sasa mlima ulikuwa mahali pake lakini maandishi yote yalikuwa yamepinduka. Akaweka kidole kwenye kituo namba sita, akakisoma tisa, akaanza kumwonyesha mwenzake kigingi namba tisa cha njia ya bomba kuwa ndipo watakapochimba. Nilifungua mdomo. Mzee Banzi akakohoa. Nikaufunga, nikasimama pale natazama watu wazima wakipanga kupeleka maji kwenye shamba la migomba lisilo na nyumba hata moja.

Walipomaliza ndipo aliponiruhusu kusema. Tuliporudi kwenye gari aliniambia maneno ambayo nimeyatumia maisha yangu yote.

"Kama utakuwa nao kila siku, sema wewe. Kama hutakuwepo, mchoro ndio useme."

Tangu siku hiyo ramani zetu za milimani ziliwekwa chanzo juu ya karatasi, na kaskazini ikaelekea inakotaka. Wakaguzi kutoka makao makuu walilalamika. Mafundi hawakulalamika.

Kitu kingine alichonifundisha ni kutofautisha mchoro wa kilichopangwa na mchoro wa kilichopo. Wahandisi wanapenda ule wa kwanza kwa sababu ni msafi. Lakini bomba likishapasuka, fundi hana haja na nia njema ya mhandisi, anataka kujua koki iko wapi. Kwa hiyo tulikuwa tukipanda milimani mradi ukishakamilika, tunalifuata bomba kwa miguu na kuchora kilichopo, hata kama kinatia aibu. Nimewahi kuchora mradi wa tenki moja lenye koki moja, na ufunguo wa koki ulikuwa mfukoni mwa mtu mmoja. Aliposafiri kwenda msibani, vijiji vitatu vilikaa bila maji hadi arobaini ilipopita.

Mzee Banzi alistaafu, akaniachia wembe wake ndani ya kiberiti kitupu. Zikaja kompyuta. Meza za kuchorea zikatolewa nje, na mashine ya amonia ikapelekwa stoo, ambako nasikia bado inawatisha panya. Nilijifunza kuchora kwa kompyuta kwa shida na kwa ubishi, nikazoea. Sina la kusikitikia hapo, mgongo wangu ulishukuru.

Miaka yangu ya mwisho ofisi ilianza kutunza taarifa za vyanzo na mabomba kwenye programu huria. Kwa wale ambao hawakuwepo: maana yake ni programu ambayo msimbo wake, yaani yale maandishi ya ndani yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha kwenye kompyuta yake, kisha kutuma rekebisho lake ili likikubaliwa liwe la wote. Ilianzishwa na Zuhura, binti wa Ngerengere, aliyesoma chuoni Mazimbu na kuja kwetu kwa mkataba. Mawazo yake yalikuwa mazuri. Mafundi wa miradi ya milimani waliokuwa wamejifunza kompyuta wangeirekebisha wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaoyajua mabomba. Karibu wote walijaribu. Hakuna aliyefika mwisho. Kazi yote ilibaki kwa Zuhura, na mkuu wa ofisi alikwishasema kwamba programu inayotegemea mtu mmoja ataifunga mtu huyo akiondoka, turudi kwenye madaftari.

Na Zuhura alitakiwa kuondoka. Alikuwa amepata nafasi ya masomo ya juu nje ya nchi, akaiahirisha mara moja kwa ajili ya programu, na chuo kikamwandikia kwamba hakuna kuahirisha mara ya pili. Alikuwa na hadi masika yaishe kujibu. Aliniambia hayo mchana mmoja tukila wali na maharage, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza foleni ya benki.

"Nikienda, Bi Pili, inakufa. Nisipoenda, nafasi yangu ndiyo imekwenda."

Niliingia kwenye jambo hili kwa mlango wa uani. Alikuwa ameandika mwongozo wa wachangiaji wapya, kurasa arobaini, akaniomba nimkagulie Kiswahili. Niliusoma siku mbili. Nikamwambia Kiswahili chake hakina tatizo na kwamba nimesinzia mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Hakukuwa na mchoro hata mmoja. Nilimwambia aache karatasi zake, anieleze kwa mdomo tu mtu mpya anafanya nini tangu asubuhi ya kwanza hadi rekebisho lake likubaliwe, na mimi nitachora anavyosema. Nikamwonya kwamba nachora kilichopo, siyo kilichopangwa.

Akaanza. Mtu anapakua msimbo. Anaufungua wapi? Inategemea, huwa ananiuliza. Nikachora kisanduku, nikaandika "Muulize Zuhura", nikavuta mshale. Anajuaje sehemu ya kurekebisha? Mara nyingi ananiuliza. Nikavuta mshale. Ikikataa kuwaka? Ananipigia. Rekebisho alipe jina gani? Kuna utaratibu, lakini sijauandika. Nani analipokea? Mimi. Saa moja baadaye niliigeuza karatasi nikamsogezea. Ilikuwa na visanduku kumi na kitu, na mishale yote ilielekea kwenye kimoja.

Aliitazama muda mrefu. Nilimweleza habari za tenki moja, koki moja na ufunguo ulio mfukoni. Alicheka kidogo, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja. Akasema alikuwa akidhani anawasaidia watu kwa kuwajibu haraka. Nilimhurumia sana, maana ni kweli alikuwa akiwasaidia, na ndiyo maana hakuna aliyejifunza.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kawaida. Kila mshale uliokwenda kwake tuliufuata hadi kwenye jibu lililokuwa kichwani mwake, tukalitoa na kuliweka kwenye karatasi. Kurasa arobaini zikawa tisa na michoro mitatu. Mmoja ulionyesha sehemu za programu na taarifa zinavyopita kati yao, toka kwenye simu ya fundi hadi kwenye ramani ya ofisini. Wa pili ulionyesha msimbo wa kila sehemu unakaa kwenye folda gani, kwa sababu mtu mpya hupotea kwenye mafolda kama mgeni Soko Kuu. Wa tatu ndio uliokuwa mgumu: safari ya rekebisho, kutoka kwenye kompyuta yako hadi likubaliwe. Nilikataa visanduku vya majina matupu. Kila kisanduku kilisema mtu afanye nini, na chini ya kila mshale kulikuwa na amri ya kuandika, herufi kwa herufi. Mchoro uliotaka kujibu maswali mawili niliukata ukawa miwili.

Tuligombana mara moja. Zuhura alitaka michoro ihifadhiwe palepale kwenye msimbo, ikiwa imeandikwa kwa mistari ya maneno ambayo kompyuta yenyewe inaigeuza visanduku, ili mtu yeyote aweze kuirekebisha kama anavyorekebisha kitu kingine. Mimi nilitaka kuichora kwa mkono wangu, kwa kuwa kompyuta iliweka visanduku inapotaka na siyo ninapotaka. Alinishinda. Nasema wazi kwamba alikuwa sahihi, ingawa mchoro wa pili hadi leo umekaa upande.

Aliomba kitu kimoja. Kwenye mchoro wa tatu, pembeni, tuache kisanduku kimoja cha "Ukikwama, muulize Zuhura", kwa dharura tu. Nilijua hakifai. Nilikiacha kwa kumwonea huruma.

Tulituma mchoro kwa mafundi wawili. Wote wawili walituma marekebisho yaliyokataliwa na mashine inayokagua kila kinachotumwa, na wote walikuwa wameruka hatua ileile: ile ya kufanya majaribio kabla ya kutuma. Zuhura aliwaita wavivu kimoyomoyo. Mimi niliwaita kwa sauti. Kisha nikaona haya, kwa sababu mtu aliyekoholewa na Mzee Banzi alipaswa kujua kwamba fundi akipotea, unakagua ramani kwanza.

Kwa hiyo tulikwenda Mkuyuni, kwa Leonsia. Leonsia ni fundi wa mradi uleule wa ramani yangu ya kwanza, mama wa makamo anayelima kabichi na karoti huko juu, aliyejifunza msimbo kwa simu kabla jumuiya ya watumia maji haijapata kompyuta. Alikuwa na sababu ya kutaka rekebisho lake lipokelewe. Programu yetu ilikihesabu kituo cha maji kuwa kinafanya kazi kama tenki lake limejaa, hata bomba likiwa limekatika katikati. Vituo vya chini vya kijiji chake vilikuwa vikavu tangu mwezi uliopita, na kwenye ramani ya ofisi vilikuwa kijani, basi hakuna aliyepanda kuvitazama. Kosa lenyewe alikuwa amelipata na kulirekebisha kwenye kompyuta yake. Kulituma ndiko kulikomshinda.

Alituamkia, akatupa viti. Kabla sijakaa niliiona ukutani, imefunikwa nailoni, kingo zimeliwa na mende: ramani yangu, ile niliyoichora upya chanzo kikiwa juu ya karatasi, na sahihi ya Mzee Banzi pembeni. Leonsia akasema hiyo ndiyo aliyojifunzia kazi. Nilitamani mzee awepo.

Nilimweleza Zuhura sharti la mikono nyuma. Aliona bora akalie mikono yake kabisa. Leonsia akaweka mchoro wa tatu kando ya kompyuta, akaufuata kwa kidole. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, amri zote sawa. Akafika kwenye majaribio, kidole kikapita juu yake bila kusimama, akatuma. Mashine ikakataa. Akatazama mchoro tena, akaona kile kisanduku cha pembeni, akamgeukia Zuhura.

"Dada, hapa naambiwa nikuulize wewe."

Zuhura alifungua mdomo. Nikakohoa. Kisha mimi ndiye niliyemuuliza Leonsia, kwa sauti ya kawaida, kwa nini hakupita kwenye majaribio.

"Si bado hamjayajenga, Bi Pili? Mmeweka vipande vipande."

Nilihisi joto masikioni. Zuhura alikuwa ameniambia kwamba kwenye michoro ya watu wa kompyuta mstari wa vipande huonyesha kazi ambayo mashine nayo huirudia yenyewe baadaye, na mimi nikaufuata utaratibu huo ili nisionekane wa zamani. Nikasahau kwamba wasomaji wangu wamekua wakitazama ramani zangu. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilikuwa nimewafundisha mafundi wa milima yote hii kwamba mstari wa vipande ni kitu ambacho bado hakipo, usikitegemee. Walikuwa wamenisikiliza vizuri mno. Wale niliowaita wavivu niliwapigia simu jioni ileile kuwaomba radhi, na mmoja alifurahi kupita kiasi.

Nilichukua kalamu nikaunganisha vipande palepale, mstari mzima. Leonsia alitaka kujaribu tena mbele yetu, lakini wingu lilikuwa limeshuka, mtandao ukakatika, na dereva akasema tusipoondoka sasa tutalala. Zuhura alitaka kubaki. Nilimwambia hatakuwepo mwaka ujao, basi asiwepo na leo. Tukamwachia Leonsia karatasi tukaondoka.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jibu la chuo lilitakiwa kufika Ijumaa. Jumatatu hakukuja kitu, Jumanne hakukuja kitu. Jumatano Zuhura aliniambia ameshaandika barua ya kukataa nafasi, imebaki kutumwa. Nilimwambia asubiri, na moyoni sikuwa na uhakika wowote. Usiku huo sikula vizuri.

Alhamisi asubuhi likaingia rekebisho kutoka Mkuyuni. Majaribio yalikuwa yamefanywa, moja lilikuwa limeshindwa, na mwenyewe alikuwa amelisoma, akalirekebisha na kulirudia, bila kupiga simu. Zuhura alilikagua mstari kwa mstari, akalikubali. Tuliifungua ramani ya ofisi. Vituo vitano vya chini vya Leonsia viligeuka vyekundu mbele ya macho yetu, na mkuu wa ofisi, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha chai, akasema atatuma fundi kesho. Sijawahi kufurahia rangi nyekundu namna ile.

Saa tano likaingia la pili, la mtu yuleyule. Hili halikugusa programu. Lilikuwa la mchoro wa tatu. Leonsia alikuwa ameondoa kisanduku cha pembeni pamoja na mshale wake, akaelekeza wanaokwama kwenye ukurasa wa maswali, ambako atakayejua atajibu, akaandika jina lake mwenyewe kuwa mtu wa kwanza wa kujibu. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika: "Nimetoa kisanduku cha dada Zuhura. Sikukihitaji, na mwenyewe anasafiri."

Zuhura alisoma, akanitazama. Nilijua anataka nimwambie. Niliweka mikono nyuma.

Alibonyeza kukubali. Kisha akaifuta ile barua ya kukataa, akaandika nyingine fupi, akaituma kabla chai yake haijapoa.

Mimi nilistaafu baada ya masika yaliyofuata. Wembe wa Mzee Banzi uko kwenye droo ya kulia ya meza yangu ya zamani, ndani ya kiberiti kilekile, msije mkadhani ni takataka. Alhamisi ile ya rekebisho la Leonsia nilikuwa nimeshautoa na kuuweka mezani, kwa mazoea tu, kwa sababu kile kisanduku nilikuwa nimepanga kukitoa mwenyewe. Leonsia alikuwa ameshakwangua.